Makorongo, Mchanga na Miji Yenye Vituko: Mwongozo Kamili wa Kuzunguka Kusini mwa Namibia kwa Gari

Kilomita 350 ni pungufu ya mwendo wa Dar es Salaam hadi Dodoma. Kusini mwa Namibia, kilomita hizo hizo zinaweza kumeza siku yako nzima, na ukizilazimisha ziishe kabla ya chakula cha mchana unaweza kuzimalizia mtaroni. Hilo ndilo la kwanza kulielewa kabla hujafungua ramani: safari ya huku hupimwa kwa aina ya barabara na saa za jua zilizobaki. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini umetokana na hapo.

Mzunguko wenyewe unaanzia na kuishia Windhoek, na una karibu kilomita 2,000. Unashuka magharibi hadi Solitaire na matuta mekundu ya Sossusvlei, unakwenda kusini hadi Aus, unagusa bahari Lüderitz, unarudi bara hadi Korongo la Fish River, kisha unapanda kaskazini kupitia Keetmanshoop. Wapo wanaoumaliza kwa siku saba. Nakushauri siku kumi au kumi na mbili, na siku za ziada uzipe miji midogo, maana ndiyo wageni wengi huipita kwa kujaza mafuta na kununua maji tu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha karatasi

Miezi mizuri ni Mei hadi Septemba. Anga ni safi, mchana ni wa joto la wastani, na barabara ni kavu. Ila usiku jangwani baridi hufika sifuri na hata chini yake, kwa hiyo ndugu zangu wa Tanga na Mombasa, sweta moja haitoshi: beba koti zito, kofia ya sufu na soksi nene, hasa kama mtalala kwenye hema. Kuanzia Oktoba joto hupanda, na katikati ya kiangazi chao bonde la Fish River hupita nyuzi 40. Januari hadi Machi ni majira ya mvua. Mito iliyokauka mwaka mzima inaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali usikoiona. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, zima gari, subiri, wala usijaribu kuvuka kwa sababu umeona mwenyeji kavuka.

Watanzania na Wakenya wamezoea kuingia Namibia bila viza kwa matembezi, lakini mwaka 2025 nchi hiyo ilibadili kanuni zake za viza kwa mataifa mengi, hivyo uliza ubalozini kabla ya kulipia ndege. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pamoja na leseni yako ya nyumbani, kata kibali cha kimataifa cha udereva. Ndege kutoka kwetu kwa kawaida huunganisha Johannesburg au Addis Ababa, na uwanja wa Hosea Kutako uko kama kilomita 45 nje ya Windhoek. Saa za Namibia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Fedha: dola ya Namibia ina thamani sawa kabisa na randi, na randi hupokelewa kila duka. Kinyume chake si kweli ukivuka kwenda Afrika Kusini, kwa hiyo dola za Namibia zimalizie huko huko. Kadi zinafanya kazi mijini. Vijijini weka noti mfukoni, maana mtandao ukikatika pampu ya mafuta hailipwi kwa kadi.

Hatua ya 2: Gari, na saa moja ya kulikagua

Namibia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na hiyo ni nafuu kubwa. Chaguo la wengi ni pikapu ya milango minne yenye hema juu ya paa, aina ya Hilux au inayofanana nayo. Je, lazima iwe ya kuvuta magurudumu yote manne? Kwa mzunguko huu, wakati wa ukame, hapana. Gari lililoinuka vya kutosha na lenye matairi mazuri litafika kila mahali isipokuwa kilomita 5 za mwisho za Sossusvlei, na hapo kuna magari ya kukodi ya kukuvusha mchanga. Kama bajeti inabana, okoa kwenye injini, usiokoe kwenye matairi.

Matairi ndiyo roho ya safari hii. Omba mawili ya akiba, na uyakague yote sita: mwaka wa kutengenezwa, kina cha kashata, mipasuko ya pembeni. Hakikisha jeki inapanda na kushuka, spana inaingia kwenye nati za gari hilo hilo, na pampu ya upepo inafanya kazi ikichomekwa. Fungua hema, lifunge tena mwenyewe mbele yao. Washa jiko la gesi. Piga video ya kila mkwaruzo. Wakikuharakisha, endelea taratibu.

Bima isome kwa makini zaidi kuliko bei. Mikataba mingi ya kawaida haigusi matairi, kioo cha mbele, chini ya gari wala uharibifu wa upepo wa mchanga, na hayo manne ndiyo yanayotokea. Lipia nyongeza ya matairi na vioo. Ulizia pia kama gari lina kifaa cha kurekodi mwendo, kwani ukipata ajali ukiwa umepita kasi waliyoiandika kwenye mkataba, bima inaweza kufutika.

Ukiwa bado Windhoek nunua kadi ya simu ya MTC, pakua ramani za kutumia bila intaneti, na nunua ramani ya karatasi. Maji ya kunywa weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na siku moja ya akiba. Ongeza ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kipimo cha upepo, taa za kichwani, na blanketi la kila abiria ndani ya gari.

Jioni ya kwanza nenda Katutura, soko la Single Quarters, ule kapana: nyama ya ng'ombe inayochomwa mbele yako na kukatwa vipande vidogo, unachovya kwenye pilipili na chumvi. Usishangae ukikutana na mzee anayekuamkia kwa Kiswahili. Tangu miaka ya 1960 wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliishi na kufunzwa Kongwa, Dodoma, na wengi walirudi na lugha yetu nchi ilipopata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Mpe shikamoo yake, ukae umsikilize.

Hatua ya 3: Jifunze changarawe kabla haijakufunza

Barabara za Namibia hutambulika kwa herufi. B ni lami. C nyingi ni changarawe inayopitishwa greda mara kwa mara. D ni changarawe ndogo zaidi, na hali yake hutegemea lini greda lilipita mara ya mwisho. Sheria inaruhusu 100 kwa saa kwenye changarawe. Nakusihi ukomee 80, na kwa kupanga siku yako gawanya kilomita kwa 60. Kilomita 350 kwa hesabu hiyo ni karibu saa sita za usukani, bado hujasimama kupiga picha, kula wala kubadilisha tairi. Mwezi Juni jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama baada tu ya saa kumi na mbili jioni. Ondoka saa mbili, panga kufika saa kumi.

Ajali ya kawaida ya mgeni huku haina gari la pili. Ni dereva mmoja, barabara nyoofu na tupu, mwendo unaopanda bila yeye kujua, halafu kona au kilele cha kilima. Tairi juu ya kokoto halishiki kama kwenye lami. Gari likianza kuyumba, usikanyage breki wala kukata usukani: toa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, liache lipunguze lenyewe.

Upepo wa tairi wa psi 35 unaofaa kwenye lami ushushe hadi 26 au 28 ukiingia changarawe. Tairi litakanyaga pana, litapunguza pancha, na vijituta vilivyobanana kama bati havitakutikisa meno. Kwenye mchanga mzito shuka hadi 16 au 18, kisha ujaze tena kabla ya kuongeza mwendo. Taa ziwashwe mchana kutwa. Gari linapokuja mbele yako, punguza mwendo na usogee kushoto, kwa sababu mawe yanayorushwa ndiyo huvunja vioo. Ukilikuta gari mbele limeinua wingu la vumbi, subiri nyuma mpaka upepo ulipeleke vumbi pembeni uone vizuri. Ukishindwa kuona, simama kidogo, unywe chai, uliache litangulie.

Usiku usiendeshe kabisa. Tandala huruka uzio na kutua mbele ya gari, choroa hukaa barabarani penye joto, na hakuna wa kukukuta mpaka asubuhi.

Kanuni ya mafuta ni fupi: kila sheli unayoiona, jaza, hata kama geji iko juu ya nusu.

Hatua ya 4: Windhoek hadi Sesriem kupitia Solitaire

Kutoka Windhoek unashuka na kuvuka ukingo wa nyanda za juu. Njia ya Spreetshoogte ina mandhari ya kukatisha pumzi na mteremko mkali. Malori na tela zimekatazwa. Teremka kwa gia ndogo, breki zipumzike. Chini yake jangwa linafunguka.

Solitaire ni makutano tu ya barabara: sheli, duka, kanisa dogo, nyumba za wageni, na uwanja wa magari makuukuu yaliyoota kutu mchangani katikati ya dungusi. Umaarufu wake mwingine ni pai ya tofaa inayookwa pale pale. Watu husimama dakika kumi. Mimi ningelala. Asubuhi, kabla magari ya watalii hayajafika, ndege huwa wengi na mwanga huanguka vizuri juu ya yale mabati yenye kutu.

Sesriem iko kilomita 83 kusini. Hapa kuna uamuzi mmoja wenye uzito: lala kambi iliyo ndani ya lango la hifadhi, inayoendeshwa na shirika la serikali la Namibia Wildlife Resorts. Walio nje husubiri lango lifunguliwe jua likichomoza. Walio ndani hutoka saa moja kabla. Kutoka langoni hadi matutani ni kilomita 60 za lami, hivyo saa hiyo moja ndiyo tofauti ya kuliona jua likipanda ukiwa juu ya mchanga au ukiwa kwenye foleni. Nafasi huisha miezi mingi mapema.

Tuta la 45 liko kilomita 45 kutoka langoni na ndilo jepesi kupanda. Deadvlei, bonde jeupe lenye migunga iliyokufa karne nyingi zilizopita na kubaki wima kwa sababu ya ukavu, ni mwendo wa kama kilomita moja kwa miguu kutoka mwisho wa njia ya mchanga. Nenda asubuhi, uwe umetoka saa nne. Mchana utembelee Korongo la Sesriem, karibu na lango: lina urefu wa kama kilomita moja na kina cha hadi mita 30, limechongwa na mto Tsauchab, na ndani yake kuna kivuli wakati nje kunaunguza.

Hatua ya 5: Sesriem hadi Aus

Hii ndiyo siku ndefu ya changarawe. Fuata C27 hadi Betta, ujaze mafuta. Kutoka hapo unaweza kukata mashariki kidogo ukaone ngome ya Duwisib, iliyokamilika mwaka 1909 kwa ajili ya ofisa wa Kijerumani Hansheinrich von Wolf. Vifaa vingi vililetwa kwa meli hadi Lüderitz na kukokotwa jangwani kwa mikokoteni ya ng'ombe. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1916.

Baada ya Betta kuna njia mbili. Moja inapita Helmeringhausen, kijiji chenye hoteli, duka, pampu ya mafuta na makumbusho madogo ya zana za shamba. Nyingine ni D707, inayoambaa kati ya milima ya Tiras na mchanga mwekundu. D707 ndiyo barabara nzuri kuliko zote katika mzunguko huu, kwa maoni yangu, lakini ina vipande vya mchanga na magari ni machache. Uliza hali yake Betta kabla ya kuingia.

Aus ni mji wa mwinuko na baridi kali. Mwaka 1915 Waafrika Kusini waliwafunga hapa askari wa Kijerumani waliojisalimisha, na wafungwa wakajijengea vibanda vya matofali ya udongo. Mabaki yake bado yapo. Kilomita kama 20 magharibi, Garub, kuna kisima ambapo farasi wa jangwani huja kunywa. Wanasadikiwa kuwa uzao wa farasi walioachwa enzi za vita hivyo. Kaa kibandani, tazama kwa utulivu, usiwape chakula.

Hatua ya 6: Lüderitz na Kolmanskop, usiku mbili

Kilomita 125 za lami kutoka Aus zipite asubuhi. Alasiri upepo wa kusini huvusha mchanga barabarani, na mchanga huo hukwangua rangi ya gari na kukifanya kioo kuwa na ukungu usiofutika. Pembeni mwa barabara ni eneo lililofungwa la almasi, ambalo tangu 2008 ni hifadhi ya taifa ya Tsau ǁKhaeb. Usiache barabara, usiokote jiwe hata la ukumbusho: kumiliki almasi ghafi ni kosa la jinai.

Mwaka 1908 kibarua wa reli, Zacharias Lewala, aliokota kito karibu na hapa akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Aliyechukua leseni za uchimbaji ni Stauch. Ndani ya miaka michache Kolmanskop, mji wa wachimba almasi nje kidogo ya Lüderitz, ilikuwa na hospitali yenye mashine ya eksirei, kiwanda cha barafu, ukumbi wa maonyesho na wa kuchezea mpira wa kuangusha pini. Almasi kubwa zilipopatikana kusini zaidi watu walihama, na mwaka 1956 wa mwisho waliondoka. Leo mchanga umejaa hadi madirishani. Nenda asubuhi kabisa. Kwa kawaida lango hufungwa mchana. Fuata mtembezaji kwanza usikie historia, halafu uzunguke mwenyewe, ukikanyaga sakafu za mbao kwa tahadhari.

Lüderitz yenyewe ina nyumba za rangi za mwanzo wa karne ya 20, kanisa la Felsenkirche la mwaka 1912 juu ya mwamba, chaza, na kamba wakubwa wa miambani. Nje ya mji, Diaz Point, kuna nakala ya msalaba uliosimikwa na Bartolomeu Dias mwaka 1488, miaka kumi kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Aliyewahi kusimama penye nguzo ya Malindi atajua anatazama mwanzo wa mstari gani.

Halafu kuna Shark Island, rasi ndogo iliyoungana na mji. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani waliwafunga hapo Waherero na Wanama, wenyeji wa nchi hii, wanawake na watoto wakiwemo, kwenye upepo na baridi bila hifadhi. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kati ya elfu moja na elfu tatu. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, alifia hapo Februari 1907. Wafungwa walitumikishwa kujenga reli ile ile unayoiona ukiingia kutoka Aus. Ni miaka ile ile ya Majimaji kwetu, chini ya bendera ile ile. Kuna kambi ya mahema kwenye rasi hiyo, na bei yake ni nzuri. Usilale hapo. Nenda ukasome mabamba ya ukumbusho, simama, ondoka, ulale mjini. Tangu 2025 Namibia huadhimisha tarehe 28 Mei kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari. Ukiwa nchini siku hiyo, mavazi na kelele zako ziendane nayo.

Hatua ya 7: Korongo la Fish River

Kutoka Lüderitz ni karibu kilomita 400, lami hadi Seeheim kisha changarawe. Jaza Aus. Lala Hobas, kambi ya hifadhi iliyo kilomita 10 kutoka ukingoni, au Canyon Roadhouse iliyo nje kidogo, ambako magari ya zamani yamejaa uani hadi ndani ya mgahawa.

Korongo lina urefu wa kilomita 160, upana unaofika kilomita 27 na kina cha hadi mita 550. Lina ngazi mbili: ile pana ya juu ilitokana na ardhi kushuka na barafu ya kale kuikwangua, na ile nyembamba ya ndani ilichongwa na mto wenyewe. Kwa hiyo tembelea mara mbili, alasiri na alfajiri, kwani kivuli ndicho kinachotenganisha ngazi hizo. Saa sita mchana kila kitu huonekana bapa.

Kushuka kwa matembezi ya siku moja kumekatazwa. Wanaotaka kushuka hufanya safari ya miguu ya siku nne au tano, kama kilomita 85, kutoka Hobas hadi chemchemi za moto za Ai-Ais. Huruhusiwa Mei 1 hadi Septemba 15 tu, kwa kikundi cha watu wasiopungua watatu, kila mmoja na cheti cha daktari. Chakula chote unabeba mgongoni. Asiyeshuka aende Ai-Ais kwa gari akaoge. Maji hutoka ardhini yakiwa na nyuzi zipatazo 60 na hupozwa kabla ya kufika bwawani.

Hatua ya 8: Keetmanshoop na kurudi

Kilomita 14 nje ya Keetmanshoop kuna msitu wa mishubiri mirefu, kama miti 250 juu ya mawe meusi. Wasan walichonga podo za mishale kutoka matawi yake. Kambi ipo shambani hapo hapo, kwa hiyo lala ili uone machweo na nyota bila haraka ya barabara.

Neno kuhusu chakula, kwa wanaohitaji halali: kusini mwa Windhoek ni vigumu sana kupata nyama yake. Nunua Windhoek, igandishe, ibebe kwenye friji ya gari. Lüderitz kula samaki. Maduka ya miji midogo hufungwa Jumamosi mchana, hivyo manunuzi yafanye Ijumaa.

B1 hadi Windhoek ni kilomita 500 za lami, na hatari yake ni usingizi na malori. Badilishaneni usukani Mariental. Njiani ni Gibeon, mji wa Hendrik Witbooi, kiongozi wa Wanama aliyepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1905. Sura yake iko kwenye noti za dola 50, 100 na 200 ulizokuwa ukilipia mafuta. Kaskazini zaidi utapita kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, kisha Rehoboth, walikohamia Wabaster, jamii yenye asili ya mchanganyiko wa Wazungu na Waafrika, mwaka 1870.

Lala Windhoek usiku mmoja kabla ya ndege. Gari lioshwe hadi chini, maana mikataba mingine hutoza vumbi. Fungua video ya siku ya kwanza, mzunguke gari pamoja na mpokeaji, mlinganishe kila mkwaruzo, na usiondoke kabla hujapewa karatasi iliyosainiwa ya kurejeshewa amana.